Chania Namba Tisa

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Nimeipata! Chania namba tatu iko kitandani, kwenye kasha lake la asili, na Tahir amesimama mlangoni akiuliza yeye atalala wapi. Nimemwambia asubiri nimalize kuitazama. Amecheka akaenda kuchemsha chai mwenyewe. Mume wangu huyu, Mungu amlinde.

Ilikuwa kwa Dismas wa Ruiru. Anapiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa lao, na harusini akiitwa. Magitaa ya Chania tunayatafuta sisi wawili tu, nadhani dunia nzima. Miaka mitano tunavutana! Leo tumebadilishana: amenipa namba tatu, nimempa namba tisa. Nikaandika karatasi, tukatia sahihi, na chini nikaongeza kwa herufi kubwa HAKUNA KURUDISHIANA. Dismas namjua. Akilala na neno huamka na jingine.

Niweke hesabu vizuri hapa, maana nina furaha. Marehemu mzee Ramniklal alikuwa seremala wa hapa hapa Thika. Makabati, vitanda, meza za shule. Halafu kati ya sitini na saba na sabini na moja, sijui nini kilimwingia, akatengeneza magitaa ya umeme. Kama kumi hivi, basi. Kichwani aliandika Chania kwa herufi za shaba, na ndani, chini ya kibati cha mgongoni, akaandika namba kwa penseli. Mimi ninayo magitaa saba. Namba nyingine alizikoroga, nazisoma kwa kukisia. Tisa haikunisumbua hata kidogo: ni tisa kwa namba za shule, ni tisa kwa namba za madrasa.

Tatu ni maridadi. Mvule mtupu, shingo laini, pikapu zote mbili chini ya nyuzi zinashika sauti — nilizipima kwa mita kabla ya kufungua mdomo. Tisa ndiyo ile mbaya. Shingo nene kama mpini wa jembe, vanishi imechuruzika pembeni, mgongoni kovu la kuungua. Kelele inazo, siikatai. Lakini kwenye daftari langu la thamani niliiweka ya mwisho. Mzee alikuwa amechoka alipoifikia. Mkono umeanza kutetemeka, macho hayaoni. Mtu anayejua kutazama anaona.

Iliyobaki kupatikana ni ile ya kwanza kabisa, namba moja. Miaka minane naitafuta. Nikiipata hiyo nitafunga duka siku nzima!

Jumatatu, 5 Agosti

Leo dukani ameingia msichana wa Kihindi na redio isiyoongea. Nimemfungulia, waya tu, nikatia solda. Kazi ya dakika tatu — miaka sita ya kukaa kwenye laini ya kiwanda cha redio haikupotea. Kumbe muda huo wote anatazama gitaa la Chania lililo ukutani nyuma yangu. Akasema, hiyo ni ya babu.

Nilidondosha chuma cha solda. Anaitwa Ruchi, mjukuu wa Ramniklal! Na bibi yake yuko hai! Mama Ansuya, ambaye miaka yote hii nilidhani aliondoka Kenya, yuko kwenye nyumba iliyo juu kidogo ya maporomoko ya Chania, mwendo wa nusu saa kutoka dukani kwangu. Nimeishi hapa mtaa wa Landless miaka ishirini, sijawahi kuuliza. Mjinga mimi.

Lakini anaondoka. Tarehe kumi na nane anapanda ndege kwenda kwa mwanawe Dev, Uingereza, na harudi tena. Ruchi amesema niende Alhamisi, bibi anapenda wageni.

Redio sikutaka pesa. Tahir akijua atanuna.

Alhamisi, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda na daftari na magitaa matatu. Mama Ansuya ana miaka sabini na mmoja, mdogo wa mwili, macho makali. Chai ya tangawizi, chevda ya kutafuna, sahani haikai tupu. Amenieleza mambo ambayo sikuyajua: waya wa pikapu aliuzungusha yeye mwenyewe, kwa ile sehemu ya cherehani ya kujazia kibobini! Mizunguko elfu tano kwa pikapu moja, anahesabu kwa mdomo, na mtoto akilia anaanza upya. Na mzee hakujua kupiga gitaa. Hata wimbo mmoja! Alikuwa akigonga uzi mmoja tu, tin, tin, tin, na kumwuliza mkewe, unasikia?

Nikamfungulia daftari, nikamsomea nadharia yangu. Jinsi mzee alivyoanza vizuri akachoka. Jinsi namba tisa inavyoonyesha mkono uliozeeka. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akasema, mzee hakuchoka hata siku moja, kila gitaa lilikuwa zuri kuliko lililotangulia. Ni la kwanza tu lililokuwa baya. Shingo nene! Vanishi imetiririka! Na yeye mwenyewe aliweka pasi ya moto mgongoni mwa gitaa hilo, akaisahau, mzee akamnunia siku mbili.

Nikasema — lakini mama, yenye kovu ni tisa.

Akaomba kalamu. Akaandika kwenye daftari langu, pembeni ya safu ya thamani, namba za Kigujarati moja hadi tisa. Mbili ni kama mbili yetu. Tatu ni kama tatu. Ile niliyoisoma nane ni nne.

Na moja — moja yao ni kichwa cha mviringo na mkia. Moja yao ni tisa yetu!

"Nani nasema tisa?" akaniuliza. "Hii moja. Mzee aliandika mbele yangu."

Namba moja. Miaka sita ilining'inia ukutani kwangu juu ya kabati la vyombo, na nikaipa alama za chini kuliko zote, na Jumamosi nikambebea Dismas kwa mikono yangu miwili, nacheka.

Akaniuliza iko wapi. Nikasema iko kwa rafiki. Akasema angependa kuishika kabla ya kuondoka, mara moja tu. Nikasema utaishika, mama. Nimeahidi! Kwa kinywa gani, sijui.

Ijumaa, 9 Agosti

HAKUNA KURUDISHIANA. Mwandiko wangu. Nimepiga na mstari chini, mara mbili.

Jumapili, 11 Agosti

Ruiru. Nilifika kabla ibada haijaisha, nikakaa nje ya ukuta wa kanisa na kuisikiliza. Inapiga! Sauti nzito, ina ukali kidogo juu. Miaka sita niliiacha ukutani bila kuichomeka kwenye amplifaya zaidi ya mara mbili. Nilisikia aibu, nasema kweli.

Dismas alitoka amelowa jasho, anang'aa. Nikamwambia nataka turudishiane. Nikamwongezea na ile ya nane. Nne, yaani. Magitaa mawili kwa moja!

Akanitazama sana. "Mama Zainab, wewe tangu nikujue hujawahi kuniongezea hata uzi. Kuna nini?"

Nikasema Tahir ameizoea, nyumba imekuwa baridi bila hiyo.

"Tahir? Tahir si hata wimbo wa taifa anaimba nje ya sauti? Haiya! Acha basi."

Hakubali. Anaipenda, amesema, inamjibu. Ila sura yake haifai kanisani, kwa hiyo amenunua rangi ya bluu ya mbinguni, mkebe mzima, na Ijumaa fundi anaanza kuipiga msasa. Ataanzia mgongoni, palipoungua.

Nilipiga kelele. Usiiguse na msasa! Watu wakageuka. Akauliza, kwa nini? Jibu lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikimwambia ni namba moja, haitarudi kwangu kamwe, hata nikimpa nyumba. Nikasema msasa huharibu sauti.

Akasema asante kwa ushauri, atafikiria. Nikarudi Thika nimejinunia mwenyewe.

Jumanne, 13 Agosti

Nimemweleza Tahir yote. Ameweka kikombe chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Tisa! Miaka minane unatafuta moja, na moja inakutazama ukipika! Nikamwambia hilo si la kucheka. Akasema ni la kucheka kabisa. Kisha akafuta machozi, akasema nimwambie Dismas ukweli.

Binti yetu Zainab naye, kutoka chumbani kwake, bila kuulizwa: "Mathe, si umwambie tu? Huyo buda ni poa."

Rahisi kwao. Si wao walioamka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kiambu, Murang'a, Machakos, kufuata uvumi wa gitaa lililo chini ya kitanda cha mtu. Na lile gitaa la Murang'a lilikuwa ukulele, kigitaa cha nyuzi nne.

Jumatano, 14 Agosti

Nimempigia Dismas kutoka simu ya posta. Nikamwambia mke wa fundi wa Chania yuko hai, anaondoka Jumapili, anataka kuiona ile yako. Naomba uniazime siku moja tu. Hilo lote ni kweli. Sikusema namba.

Dismas akasema hanipi, anakuja nayo mwenyewe, Jumamosi saa nne. Na rangi itasubiri mpaka hapo. Sauti yake ilibadilika, kama mtu aliyealikwa kwa chifu.

Sasa atafika, atamwonyesha mama, na mama atasema moja. Nimejifungia mlango mwenyewe.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimefanya jambo la kijinga. Nilimpitia Mama Ansuya, nikajifanya nampelekea maembe. Masanduku yako sebuleni, mawili tu, miaka hamsini ya mtu. Nikazungukazunguka, mwishowe nikasema: mama, kesho yule mwenye gitaa akija, hakuna haja ya kuingia sana kwenye mambo ya namba. Yeye hapendi namba.

Aliendelea kukunja sari. Akaikunja mpaka ikawa ndogo kabisa.

"Firdaus, mimi hapa Kenya miaka hamsini," akasema. "Kiswahili yangu mbovu, unajua. Kusema moja ni tisa, hiyo sikujifunza."

Hakukasirika. Akanipa embe moja nimpelekee Zainab. Nimetembea mpaka nyumbani bila kusalimia mtu.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika nikiwa kwenye baraza ya Mama Ansuya, haraka.

Nilifika saa tatu na nusu na Chania yangu namba tatu, mama aione pia. Nikasimama langoni kumsubiri Dismas. Nilipanga nisiseme kitu, litakalokuwa na liwe. Mara namwona anapanda mlima — amevaa tai! Suti ya harusi, tai nyekundu, gitaa limefungwa ndani ya blanketi la mtoto. Akaniambia amelitia nyuzi mpya, za kununua Nairobi, ili mama asione aibu mbele ya kazi ya mumewe.

Nikashindwa. Kabla hajamaliza salamu nikasema: Dismas, hiyo si tisa. Ni moja.

Nikamweleza pale pale, namba za Kigujarati, pasi, kila kitu. Akatoa bisibisi mfukoni, akapiga goti na suti yake kwenye vumbi, akafungua kibati. Akatazama sana.

"Ulijua lini?"

Alhamisi ya wiki iliyopita.

"Na Jumapili ukaja kwangu ukaniambia ni Tahir."

Ndiyo.

Akakaza skrubu moja moja, polepole, zote nne. Akaingia ndani bila kunitazama.

Mama Ansuya alilipokea kwa mikono miwili. Hakuangalia namba kabisa. Aligeuza mgongo, akaweka kiganja juu ya lile kovu, na akacheka — kicheko cha msichana! Siku mbili, akasema, siku mbili hakuongea na mimi! Halafu analia, halafu anacheka tena. Ruchi naye analia. Dismas akachomeka waya kwenye amplifaya ndogo niliyokuja nayo, na mama akagonga uzi mmoja kwa kidole. Tin. Tin. Tin. Akatuuliza, mnasikia?

Tunasikia, mama.

Kisha akaangalia mimi, akaangalia Dismas, akauliza: sasa hii ni ya nani?

Dismas alikuwa anatazama zulia. Nikasema ni ya Dismas. Tulibadilishana kwa haki, nikasema, na karatasi ipo. Maneno yalitoka kwa shida, lakini yalitoka, kisha nami nikatoka nikaja kukaa hapa barazani. Naipenda ile namba moja. Naipenda na ubaya wake wote, na nimechelewa kuijua.

Ndani sasa anapiga Dismas. Kitu cha kwaya, taratibu, mama anapiga makofi kidogo, haendi na mdundo hata kidogo. Maporomoko yanasikika kwa chini. Hewa ni nzuri, jua limetoka. Ningekuwa na hali nyingine ningesema ni siku nzuri sana.

Amenyamaza. Ananiita. Sauti ni kavu, siwezi kujua bado ana hasira au vipi. Nimejifanya sisikii ili nimalize mstari huu.

Ananiita tena, kwa nguvu:

"Mama Zainab! Hiyo tatu yangu, umekuja nayo?"

Amesema yangu. Tatu *yangu*, amesema — nimemsikia vizuri, Ruchi pia amemsikia, ananitazama dirishani. Tangu tulipobadilishana ile tatu ni yangu mimi! Labda ulimi umeteleza. Dismas ulimi wake huteleza. Na kama tatu ni yake tena, basi moja —

Kasha liko hapa miguuni pangu. Nimelifungua. Nimelifunga. Nainuka