Kosa la Leo

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipoweka chaki chini ukatuacha. Koti lako la darasani bado limetundikwa nyuma ya mlango, vumbi la chaki mfukoni. Baba hataki lifuliwe. Fundi cherehani mzima, eti kitambaa kile hakijui.

Miaka thelathini na moja ulifundisha hesabu, na kila kipindi uliandika kosa moja ubaoni kwa makusudi. Hukusema liko wapi. Aliyeliona alikuja mbele, ukamkabidhi chaki, akasahihisha mwenyewe. Nani angesinzia? Wanafunzi wakakubandika jina la Mwalimu Kosa, nawe ukajifanya husikii. Watu husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Wewe ulisema kosa ni kuliona ukanyamaza.

Ukiuliza swali, ulingoja. Ulingoja mpaka yule mwoga apate la kusema. Siku moja mwalimu mkuu alichungulia dirishani akadhani umesahau somo.

Nyumbani nako hatukupona. Ulimwandikia kaka vitunguu kilo kumi na tatu badala ya tatu, ukitegemea atashtuka. Akavileta vyote, jasho linamtoka, wala hakuuliza. Tulivimenya wiki nzima, machozi kwa vicheko.

Ulipoondoka, darasa lako nikapewa mimi. Nilishindwa, Mama. Nilisema dakika arobaini bila kupumua, na watoto wakachora pembeni mwa madaftari. Kosa lako nililiogopa. Mgeni mimi, nikikosea nitaheshimiwa na nani? Kufikia muhula wa pili, barua ya kuacha kazi ilikuwa mkobani.

Asubuhi niliyopanga kuipeleka ofisini, niliandika ubaoni saba mara nane ni hamsini na nne. Sikukusudia hata kidogo. Binti wa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kusikia sauti yake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hilo ndilo kosa la leo?"

Vichwa vyote vikainuka. Wale walikuwa watoto wako, na walikuwa wakilingoja muda wote huo. Nikampa chaki, akaandika hamsini na sita, na kipindi kikaisha tukiwa bado tunabishana.

Jioni nilimsimulia Baba. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Kwani mama yako yote aliyakusudia? Nusu yake alikosea kweli. Alijua tu la kufanya."

Nililia, Mama. Nilikukosa sana siku ile, na nilikupenda upya.

Wanaokukumbuka: mumeo fundi cherehani, mwanao wa kwanza, ambaye hadi leo hataki kusikia habari za vitunguu, wajukuu wako wanne, pamoja nami, binti yako aliyekuwa mwalimu.

Umeliona kosa? Ni hapo penye "aliyekuwa". Barua niliichana.

Hatutakusahau, Mama, si kwa kosa wala kwa makusudi.