Kuku wa Dani Bado Amefungwa

Jumatatu, 7 Aprili

Shule imefungwa na Dani amefika! Baba alimpokea stendi akamleta hadi kwetu, ghorofa ya tatu. Dani alikuwa akipumzika kila ngazi zinapopinda, akisingizia kwamba anatazama Kitengela.

Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu ni mama yake Baba. Yeye ni Akoth na mimi ni Akoth. Sote wawili tulizaliwa mvua ikinyesha, na leo imenyesha tena. Ametoka Siaya na begi moja, sufuria iliyofungwa kwa leso, na kuku. Kuku mzima! Mwekundu, shingo haina manyoya. Amefungwa mguu kwa kamba ya katani na sasa yuko balkoni, anakagua majirani kama mwalimu wa zamu.

Mama alitaka kumchinja leo hii. Dani akakataa. Amesema atachinjwa siku moja kabla yeye hajarudi nyumbani, tumle tukimkumbuka. Kwa hiyo mimi namwombea kuku maisha marefu.

Tangu Babu afariki Dani anaishi peke yake. Januari alianguka jikoni, akalala chini mpaka jirani akamsikia. Baba hajatulia tangu siku hiyo. Lakini sasa tuna siri — nyumba yetu ya Kajiado imekwisha kujengwa, na ndani kuna chumba cha Dani, na bafu lake lenye chuma cha kushikilia ukutani ili asiteleze. Baba hajamwambia. Anataka iwe sapraizi. Mdogo wangu Elsie ameahidiwa keki ili anyamaze.

Atakaa. Najua atakaa. Nikitoka shule nitamkuta.


Alhamisi, 10 Aprili

Ngong! Upepo ulitaka kunivua sketi. Dani alivaa sweta mbili na koti la Baba, akasimama juu ya kilima akauliza ziwa la kwao liko upande gani. Baba akamwonyesha magharibi. Akatazama muda mrefu, kisha akasema mahindi yamepoa, tule.

Elsie nusura aseme siri. Nilimkanyaga mguu.


Jumamosi, 12 Aprili

Siku mbaya. La — siku ngumu.

Tulishika barabara ya Namanga, tukapita Isinya, tukaacha lami. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha ule udongo mweusi, ukashika viatu hadi Elsie akawa mrefu kunishinda. Lakini nyumba imependeza! Mabati ya kijani, mapazia aliyoshona Mama, tangi la maji ya mvua. Hakuna tena chai yenye chumvi kama ya Kitengela. Baba alisimama getini akakunjua mikono kama mchungaji anayetoa baraka, akamwambia Dani kwamba hii ndiyo nyumba, na ndani kuna chumba chake.

Dani alipiga vigelegele. Akagusa ukuta. Akamshukuru Mungu kwa Kijaluo kirefu. Aliingia hadi sebuleni, akanywa chai, akasifu madirisha. Kile chumba hakuenda kukiona. Baba akasema basi, atakiona vizuri tukihamia, siku atakayolala humo.

Dani akaweka kikombe chini, akamgeukia Baba.

“Omolo, nani alikwambia nitalala hapa?”



Akaeleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Kwa mila yetu, mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kule Kitengela analala bila wasiwasi kwa sababu ile ni nyumba ya kupanga. Ina mwenyewe, na sote ni wageni mle. Lakini hii Baba ameijenga, ni yake na mke wake. Baba akajitetea kwamba boma letu ni Siaya, hapa ni ploti tu. Dani akatazama geti, akatazama miche ya parachichi, akauliza ni nani huyo anayewekea ploti mapazia.

Mama alinivuta jikoni. Akaninong'oneza kwamba alimwambia Baba amuulize mama yake kwanza. Lakini Baba na sapraizi zake!

Kwa hiyo tumemjengea chumba, na chumba ndicho kinachomzuia. Sijui nicheke au nilie.

Tulipokuwa tukiondoka jirani yetu Lemein alikuja kwenye ua kusalimia. Alisema “Sopa” ya Kimaasai, Dani akajibu kwa Kijaluo, na wote wawili wakaridhika kabisa.


Jumapili, 13 Aprili

Kanisa. Dani aliimba sauti ya pili bila kitabu. Baba hakuimba.

Nimempa kuku mchele. Hajui lolote.


Jumatano, 16 Aprili

Baba bado yuko likizo. Leo tumeenda soko la mifugo Kajiado kutafuta mbuzi wa Pasaka. Tulimpitia Lemein njiani atusaidie kuchagua. Watu, fimbo, vumbi ambalo ni nusu matope, ng'ombe mmoja aliyeamua kurudi kwao akipitia katikati ya wauza chai!

Lemein alichagua beberu mweupe, akasema bado ni kijana. Dani akamfungua mdomo, akamtazama meno, akatangaza kwamba mbuzi huyu alimjua baba yake Lemein. Watu walicheka. Lemein akamwambia, “Kokoo, wewe unajua samaki, mbuzi niachie mimi.” Kokoo ni nyanya kwa Kimaasai. Dani akasema samaki akizeeka angalau hanunuliwi kwa bei ya kijana. Wakabishana hivyo hadi mwisho, kila mmoja kwa Kiswahili chake, na nilimwona Dani akicheka vile hajacheka tangu afike. Tulinunua mbuzi mwingine kabisa.

Tukirudi tulimshusha Lemein kwake. Kiwanja chake kimepakana na chetu, ua wa miti tu katikati. Kando ya boma amejenga vyumba vya kupangisha, mabati mekundu, wanakaa walimu wa shule ya msingi. Akasema kimoja kiko wazi, mwalimu amehamishwa. Alisema tu, ili kusema kitu.

Dani alivitazama. Kisha akauliza kupitia dirisha la gari, kama anayeuliza habari za mvua:

“Na hapo kwako, mpangaji anaruhusiwa kufuga kuku?”

Lemein akajibu hata ng'ombe, mradi asigombane na ng'ombe wake. Baba aliwasha gari kabla hajamaliza.

Nilielewa hapo hapo. Nyumba ya kupanga! Ina mwenyewe! Na kutoka mlango ule hadi mlango wetu mtu anaweza kuita na kusikika. Nilitaka kupiga kelele. Nikamtazama Baba kwenye kioo, nikanyamaza. 


Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Habari ya chumba cha Lemein imetoka leo wakati wa chakula. Baba alisema haiwezekani. Yeye ana nyumba, chumba kiko tupu na kitanda ndani, halafu mama yake apange kwa jirani? Watu watasema amemfukuza. Watu wa kanisa watasema. Watu wa kazini watasema. Hata huko Siaya watasikia.

Dani aliendelea kumtolea Elsie mifupa ya samaki. Akasema basi asisumbuke, basi lake ni Jumanne asubuhi, na Jumatatu tutachinja kuku.

Nikaacha kula.

Mama hupenda kuzungumza akiwa anafanya kazi nyingine. Leo aliweka mikono mezani.

“Baba Akoth, unataka mama awe karibu, au unataka watu waone chumba?”

Baba alitoka kwenda kuosha gari. Mvua ilikuwa inanyesha.


Jumapili, 20 Aprili — Pasaka

Amefufuka! Mbuzi mtamu. Dani amesema nyama ni laini, na kwamba Lemein asiambiwe.

Nilimuuliza kama angependa kukaa nasi. Nilimuuliza wazi wazi, maana Madam Kaveke hutufundisha darasani kwamba swali likiulizwa vizuri ni nusu ya kazi. Dani akanivuta sikio kidogo. Akasema yeye hajakataa kukaa, amekataa kulala. Mwenye kujibu ni baba yangu. Yeye hawezi kuvuka ua bila mwanawe kumvusha, ataonekana kama aliyetoroka.

Kumbe anataka!

Baba amekaa balkoni jioni nzima na kuku.


Jumatatu, 21 Aprili

Naandikia barazani, nyumba mpya. Tumekuja wote kula chakula cha mchana cha mwisho. Kuku nilimpakata njia nzima, akanichafulia gauni la Pasaka. Mama amebeba kisu kikubwa, kimefungwa kwa gazeti. Begi la Dani tayari liko kwenye buti ya gari, maana basi ni kesho asubuhi.

Tulipofika Baba hakusema lolote. Aliingia ndani. Nikasikia kelele kwenye bafu la kile chumba, mara kugonga, mara kukwaruza. Kisha akatoka kuniuliza bisibisi iko wapi. Nikamwambia iko kwenye droo ya jikoni. Hakunitazama usoni.

Baadaye akapita hapa mbele yangu na kile chuma cha kushikilia ukutani. Amekibana kwapani kama mkate. Misumari iko mdomoni. Amevuka ua akaenda kwa Lemein.



Akarudi hadi kwenye ua. Akamwita Dani kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mama yake kila siku. Akamwambia kwa Kijaluo, na ninaandika nilivyoelewa — aje amwonyeshe anataka kiwekwe juu kiasi gani. Akamshika mkono mahali penye matope, akamvusha. Dani alikuwa amembeba kuku kwapani, sijui alimchukua saa ngapi.

Sasa wako huko. Naona mabati mekundu na mlango wazi. Baba anagonga msumari. Lemein amesimama pembeni akitoa maoni ambayo hakuna aliyemuomba. Elsie anaruka juu ya kizingiti, ndani, nje, ndani, nje. Dani ameketi mlangoni, kuku katikati ya miguu yake, kamba ingali mguuni.

Mama ametoka jikoni. Ameuliza kwa sauti kupitia ua kama aweke maji ya kumnyonyolea kuku. Dani anahangaika na fundo la kamba. Mama amesubiri, ameuliza tena. 

Begi bado liko kwenye gari. Hakuna aliyelishusha.

Dani ananiita! Nimletee kisu.

Nimemuuliza kama ni hiki kikubwa. Amesema hapana, kile kidogo cha kukatia vitunguu.

Naenda —