Mstari Mwekundu Usionyooka

Jumatatu, 9 Mei 1977
Chai, mkate, basi la Saltley hadi kiwandani. Nimeshona bendera kumi na mbili leo. Sherehe za Malkia ni mwezi ujao, kila mtaa unataka zake. Ule mstari mwekundu wa mshazari umekatika katikati, vipande havikutani. Nikaunyoosha kwenye zote. Mimi mshono uliopinda siuachii.
Barua ya Bi Zuwena, mke mdogo wa marehemu baba, bado iko mezani. Sijaifungua. Sina hamu naye.

Jumanne, 10 Mei
Zimerudi zote kumi na mbili! Bi Doreen, msimamizi wetu, kanisomesha mbele ya watu. Msalaba mwekundu wa katikati ni wa Uingereza. Mshazari mweupe wa Uskoti. Mshazari mwekundu wa Ayalandi, na lazima ukatike. Kwa nini, hakusema. Nikikosea tena, kazi basi. Masikio yamewaka kwa aibu.

Jumatano, 11 Mei
Nafumua tu. Nimeshona mbili, nikachanganya mshazari upi juu, upi chini, nikafumua tena. Wambui, nesi Mkenya ninayeishi naye, ananicheka. "Si ni bendera tu, Salama? Kwani nani ataangalia?"
Bi Doreen ataangalia. Naogopa.

Alhamisi, 12 Mei
Nimeelewa! Nilikuwa napanga sufuria, zangu na za Wambui, nikaikumbuka rafu ya jikoni kwetu Unguja. Mama na Bi Zuwena waliigombania mpaka bibi akaamua. Nusu ya karibu na mlango, za mama juu, za Bi Zuwena chini. Nusu ya pili, za Bi Zuwena juu, za mama chini. Hakuna aliyekaliwa kichwani.
Bendera ndiyo hivyo hivyo. Upande wa mlingoti, mweupe uko juu, maana Uskoti kaolewa kwanza, kabla ya Ayalandi. Upande wa pili, mwekundu juu; ndiyo maana unakatika katikati. Na Uingereza kajinyoosha katikati juu ya wote, baba hasa.
Nimecheka peke yangu. Kisha nikalia. Nimelikumbuka mno jiko lile, na kelele zao.

Ijumaa, 13 Mei
Kumi na mbili. Bi Doreen kakagua moja moja, kaniletea kitambaa cha nyingine. Kazi ninayo.

Jumapili, 15 Mei
Mvua. Wambui yuko kanisani. Nimeifungua barua.
Tangu mama afariki, miaka minne, sijamwandikia Bi Zuwena hata salamu. Anasema sufuria za mama ziko palepale, juu, karibu na mlango. Anazisugua kila Ijumaa. Zake hajazisogeza.
Nimechukua karatasi nimjibu. Nimeanza: Mama yangu.