Kitufe cha Kujumlisha

Jumatatu, 13 Februari 1995

Nimeweza! Kalkuleta ya Mzee Khisa imenitii. Mwaka mzima tunapima mashamba ya watu kwa tepu mbovu — mita ya kwanza ilikatika kule Butali, kwa hiyo tunaanzia kwenye alama ya moja, halafu tunatoa mita moja kila tukiinyoosha. Kila mara! Nimechoka kutoa. Kitabu chake kinasema kitufe chochote unaweza kukipa kazi mpya. Basi nimeandika programu ya mstari mmoja, nikaipachika kwenye kitufe cha kujumlisha. Sasa ukikibonyeza kinatoa moja kwanza, ndipo kinajumlisha. Juu ya kioo linatokea neno dogo, USER. Hakuna kingine cha kukuonyesha kwamba kimebadilika.

Mzee alijaribu, akacheka mpaka miwani ikamteleza. Akasema mwaka huu barua yangu ya kwenda chuo cha upimaji ataisaini mwenyewe. Mimi Zilpah, niliyeajiriwa kuchemsha chai!

Alhamisi, 23 Februari

Tepu mpya imefika. Nzima, inang'aa, inaanzia sufuri. Ile mbovu Mzee ameipeleka kwake Lurambi, eti ya kufungia banda la kuku. Safari njema.

Jumanne, 28 Februari

Lugari. Jua kali, miguu imevimba. Ni shamba la ndugu wawili waliloachiwa na baba yao. Mmoja amekufa, kwa hiyo upande wa juu ni wa mjane wake, Navalayo, na wa chini ni wa shemeji yake, Barasa. Nusu kwa nusu, walishakubaliana mbele ya chifu. Kuna mteremko, tukanyoosha tepu mara kumi, kipande kwa kipande. Mimi nasoma kwa sauti na kuandika kwenye daftari, Mzee anabonyeza kujumlisha kila kipimo, kuanzia sufuri. Akagawa kwa mbili, tukapima kutoka juu kwa tepu peke yake, bikoni, nguzo ya mpaka, ikachimbiwa.

Kumbe kaburi la mume limebaki ng'ambo, kwa Barasa! Navalayo aliduwaa. Akasema mumewe alijichagulia mahali pale akiwa mzima, alipapima kwa hatua zake, akamwambia hapa ni kwako. Mzee akamjibu, "Mama, hii mashine haidanganyangi." Barasa alishindilia udongo kando ya bikoni kwa kiatu, taratibu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sikupenda.

Jumatatu, 6 Machi

Barasa amekuja ofisini kuulizia ramani. Amekodi trekta ya Jumamosi, mvua iko karibu. Marehemu ni ndugu yake, alisema, lakini mahindi lazima yapandwe. Mjane akitaka amtoe mtu wake, asipotaka trekta itapita. Alisema hayo akitafuna njugu, na maganda akaniachia mezani.

Jumatano, 8 Machi

Mzee ameenda na kalkuleta mahakamani. Ramani imekwisha, ameshaisaini. Mimi nikajumlisha vile vipimo kumi kwa kalamu, kupitisha muda tu. 267.40. Ramani inasema 257.40.

Nimerudia mara tatu. Mita kumi. Tepu ilinyooshwa mara kumi.

Mungu wangu. Tepu ni mpya, kitufe ni kilekile! Nilisahau kukirudisha. Nusu ya kumi ni tano, na kaburi liko mita tatu tu kupita bikoni. Ni la Navalayo. Ni lake kabisa, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemwambia Mzee. Nilidhani atapiga kelele — heri angepiga. Alifunga mlango, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akasema mpaka ukihama, leseni yake imekwenda, miaka ishirini na miwili ya kazi, na sahihi yake haitamfaa mtu yeyote tena, hata wa kwenda chuo. Hapo alinitazama.

Kisha akaeleza kwamba watoto wa Navalayo wameanza kunoa mapanga. Chifu ameita watu wote kwenye bikoni Jumamosi asubuhi kabla ya trekta, na anataka vipimo visomwe hadharani, kimoja kimoja. Mzee akatoa daftari jipya kwenye droo. Akataka ninakili kurasa zile, kila kipimo nikipunguze mita moja. "Wewe una mwandiko mzuri, msichana wangu," alisema. Akafungua mlango, akaomba chai.

Sijaandika hata namba moja.

Ijumaa, 10 Machi

Navalayo amekuja mpaka hapa. Ametoka Lugari na ingokho, kuku mzima, kwenye kikapu, eti wa kunishukuru kwa kazi. Mzee hakuwepo. Amenitaka mimi, si yeye. Hajui kusoma, anasema, lakini alinisikia nikisoma ile tepu siku ile. "Wewe ndiyo ulishika, wewe ndiyo uliona. Kesho usome wewe. Ile utasoma, mimi nakubali, na vijana wangu nitawazuia."

Halafu akasema jambo ambalo halitoki kichwani. Nikisoma kwamba kaburi si lake, hatangoja trekta. Atamfukua mumewe kwa jembe lake mwenyewe.

Nikamwambia nitasoma. Akanishika mikono yote miwili. Alipoondoka nilijifungia chooni nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Kesho nasoma zile namba za kweli. Naapa! Chuo kitasubiri.

Jumamosi, 11 Machi

Ofisini, saa moja asubuhi. Mzee alifika kabla yangu. Juu ya daftari jipya kulikuwa na barua yangu ya chuo — imesainiwa, ina muhuri, jina langu limepigwa taipu vizuri kabisa. Aliniambia tu nikimaliza niache la zamani mezani, tubebe hili jipya. Akaenda kuwasha Land Rover.

Sasa nanakili. Ni ili aone nimeandika tu, asinifukuze kabla hatujafika. Nitalificha la zamani ndani ya sweta, na pale mbele ya watu nitalitoa. Hiyo ndiyo mipango yangu. Lakini barua nimeshaitia mkobani. Sikumbuki niliitia saa ngapi.

Vipimo saba tayari. Mwandiko umenyooka, mkono hautetemeki hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Nimesimama niandike humu kwanza, labda nitajisikia vibaya zaidi. Mzee anapiga honi. Anaita, Zilpah, watu watakuwa wameshakusanyika!

Cha nane ni 28.15. Nimeandika 27 —