Nusu ya Tao

Mols, 9 Mei

Dada Kirstine,

Viazi vimechipua na kuku wameanza kutaga tena. Jumamosi mimi na Aksel tunatimiza miaka kumi na miwili na nusu ya ndoa, na jirani yetu Preben anatufungia tao la matawi ya msonobari mlangoni. Ni nusu tao, kama desturi. Nusu ya pili husubiri miaka ishirini na mitano.

Gari lililoteleza kwenye barafu na kumvunja Aksel mgongo aliliendesha Preben. Tangu hapo huja kila siku kupasua kuni na kumsaidia mwenzake kuoga. Dada, tangu Februari amekuwa wangu pia. Naandika hivi uso ukiniwaka.

Jana alikuwa akipima kama kiti cha magurudumu kitapita chini ya tao. Aksel alimwona kutoka dirishani, akacheka.

"Unapima nini, bwana? Mlango huu si unaujua hata gizani?"

Preben aliangusha kamba. Mimi niliyeshika ngazi nikatazama chini.

"Nusu inatutosha," Aksel akasema taratibu. "Hiyo nyingine msihangaike nayo. Inger, mpe jirani kahawa."

Nikamimina, tukanywa sote watatu.

Najua umeanza kututungia wimbo wa sherehe. Tafadhali uache. Siwezi kusimama chini ya matawi yale watu wakiusifu uaminifu wangu. Jioni hii nitamwambia Aksel kwa mdomo wangu, ingawa anajua. Njoo Jumamosi, hata kama utakuta mlango mtupu.

Mdogo wako,
Inger