Waya Chini ya Betri

Mbarara, 4 Juni 2024

Mjomba Natanaeli,

Shikamoo. Mimi niko mzima, kikohozi kimeniacha. Huko kambini Rubondo mko aje? Mgongo wa Bibi Ancilla unaendelea namna gani?

Hapa shuleni roboti inatusumbua. Jumamosi ya tarehe 22 ni mashindano. Inatakiwa ifuate mstari mweusi sakafuni yenyewe. Chini ina sensa mbili za kuona mstari. Ya kushoto inaona vizuri, halafu ghafla haioni kitu, na roboti inakwenda kugonga ukuta. Tumeweka sensa mpya, bado. Mwenzangu Mbabazi anasema ni programu, mimi nasema ni waya. Sasa hatusemeshani.

Simu haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo barua nimempa Rwakabuba anayeleta nyanya hapa kutoka huko. Wewe unafundisha umeme Kashojwa. Niambie nibadilishe nini.

Mwipwa wako,
Élyse

Rubondo, 8 Juni

Élyse, mwipwa wangu,

Marahaba. Barua imefika, Bibi ameniomba nimsomee mara mbili. Anatembea mpaka fasi ya maji, pale bombani, na kurudi, ila ndoo anabebewa.

Usibadilishe kitu tena. Ukibadilisha ovyo hutajua kilichoponya. Kwanza ujue inakataa wakati gani. Inyanyue, magurudumu yazunguke hewani, weka karatasi yenye mstari chini ya sensa, usome namba zake. Iweke chini, usome tena. Kisha zima mota, uisukume kwa mkono. Na umrudie Mbabazi. Mmoja ashike, mwingine asome. Peke yako hutaweza.

Kuna habari yangu pia. Nitakuambia nikiwa na hakika.

Mjomba wako

Mbarara, 12 Juni

Mjomba,

Natumaini nyote mko salama. Tumepata!

Nilimwambia Mbabazi, "Shika, mimi nisome." Akaniangalia. "Leo ndio unanitaka?" Lakini akashika. Hewani sensa inaona, hata mota zikizunguka. Chini haioni, hata mota zikizimwa. Basi si mota, wala si programu. Ni uzito.

Tukaifungua. Waya wa sensa ulipita chini ya betri, na roboti ikikaa sakafuni ubao wake unapinda kidogo, betri inaukandamiza waya. Kwa nje hauna hata mkwaruzo. Mbabazi akaukandamiza kwa kidole, nikaupima kwa mita: umeme haupiti. Akaachia: unapita. Shaba ilivunjika ndani. Tumeweka waya mwingine, tumeupitisha pembeni, na roboti imezunguka uwanja wote.

Wazazi wamealikwa siku ya mashindano. Njoo. Na hiyo habari yako ni ipi?

Mwipwa wako,
Élyse

Rubondo, 17 Juni

Élyse wangu,

Habari ya waya imenifurahisha sana. Nimewasomea wanafunzi wangu.

Yangu ni hii. Jina langu limetoka kwa wakimbizi wanaohamishwa, ninakwenda Kanada. Basi linaondoka Base Camp, kituo kikuu cha kambi, Jumamosi hiyo hiyo ya mashindano yako, asubuhi. Bibi hayumo kwenye faili yangu. Nimeomba aongezwe, wamesema hapana, labda baadaye. Jirani yetu Mama Bernardine atalala naye mpaka mfunge shule. Bibi ananiambia, "Wewe nenda tu," kisha anageukia ukutani.

Usije. Umefanya kazi mingi kwa hiyo roboti. Ukija nitashindwa kupanda basi.

Mjomba wako

Rubondo, 22 Juni, jioni, kwa simu ya Mama Bernardine

Mjomba,

Ni Élyse. Pole na safari. Barua yako nimeipata jana, na leo nimekuja. Mwalimu alikataa, mpaka Mbabazi akamwambia, "Mwache aende, mimi nitaendesha."

Nilifika Base Camp, uwanja mtupu. Askari akasema, "Basi imeenda sasa hivi." Nilikimbia barabarani mpaka pumzi ikaniishia. Sikuona hata vumbi. Nikakaa chini nikalia, kisha nikatembea kwenda nyumbani.

Mbabazi amepiga simu hapa. Raundi ya pili sensa ya kulia ilizimika. Alimwomba msichana wa shule nyingine amshikie roboti, akaipima hewani, chini, kwa mkono. Plagi ya sensa ilikuwa imechomoka nusu. Shule yetu imekuwa ya tatu. Alikuwa anapiga kelele za furaha mpaka Mama Bernardine akaisogeza simu mbali na sikio.

Bibi nilimkuta kwenye kiti chako, hajala tangu uondoke. Hakuniuliza kwa nini niko hapa. Nilipika ugali na maharagwe, nikakaa karibu naye. Alikula kidogo, akaniomba chumvi, akaendelea kula.

Nitarudi shuleni Jumatatu.

Mwipwa wako,
Élyse