Mabati ya Papa Lukali

Jumatatu, 5 Novemba 2001

Sombe, majani yetu ya muhogo, bila chumvi tena. Treni haiji, na chumvi inayoletwa na ndege ni ya wenye dhahabu tu. Nilikuwa bado natwanga niliposikia vigelegele kanisani. Papa Lukali, yule mnunuzi wa dhahabu wa njia ya Lubutu, ametoa mabati ya kuezekea kanisa letu. Wabebaji wameyapanga nyuma ya nyumba yetu, kwa kuwa mume wangu ndiye mchungaji. Nimepiga vigelegele kama wenzangu. Kisha nikayakagua.

Yana matundu ya misumari. Upande mmoja yana rangi ya buluu. Bati jipya halina matundu.

Jumanne, 6 Novemba

Buluu ile naijua. Mdogo wangu Safi anafundisha Alunguli, ng'ambo ya mto. Paa la shule yao lilikuwa la buluu, mpaka wenye bunduki walipoling'oa. Sasa watoto wanasoma juani, na mvua ikija wanarudishwa nyumbani.

Nimemwambia mume wangu. Hakushangaa hata kidogo. Ameniomba ninyamaze, basi. Mtu asiyeshangaa alikuwa anajua tayari. Lukali namwogopa siku zote, anatembea na askari. Leo nimeanza kumwogopa mume wangu.

Alhamisi, 8 Novemba

Ametoka asubuhi na koti la Jumapili. Jirani amemwona barazani kwa Lukali, wanacheka pamoja. Amerudi na chumvi. Pakiti nzima. Anasema ni zawadi.

Nimeitia kwenye sombe. Nimekula. Ilikuwa tamu, na nimekasirika zaidi.

Mashemasi wanauliza lini watapanda juu kupigilia mabati. Anawaambia wangoje Jumapili. Kwa nini Jumapili? Nafikiri anatafuta mtu wa kumuuzia. Au Lukali amemwahidi kitu ambacho mimi sitaambiwa.

Jumamosi, 10 Novemba

Amevuka mto kwa mtumbwi. Eti kumwona mgonjwa. Mgonjwa gani? Hakumtaja jina.

Aliporudi alikaa kuandaa mahubiri ya kesho. Hekima inapita dhahabu. Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Akiyapandisha mabati ya wizi juu ya vichwa vyetu baada ya maneno hayo, narudi kwetu Kibombo, barabara iwe mbaya ama nzuri. Nguo zangu nimeshazifunga.

Jumapili, 11 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Lukali alikaa kiti cha mbele. Mlinzi wake alisimama mlangoni na bunduki. Mume wangu alihubiri juu ya yule mfalme kijana ambaye Mungu alimwambia aombe chochote, naye akaacha mali, akaomba hekima ya kuamua mambo ya watu. Akasema dhahabu inakubali kukaa kwa yeyote, hata kwa mpumbavu. Mimi nilikuwa namtazama kwa jicho baya. Kisha akamsimamisha Lukali, akamshukuru vizuri sana, akamuuliza:

"Papa, hii mabati ulimupa Mungu, ao ulitupa sisi?"

"Nilimupa Mungu," Lukali akasema, kifua mbele.

"Basi Mungu anaweza kuitumia penye anapenda?"

"Njo hivyo," Lukali akakubali.

Watu wakasema amina. Mume wangu akaendelea kwa upole uleule: "Basi iende ku masomo kule Alunguli. Watoto wananyeshewa. Direkta iko hapa, atakushukuru yeye mwenyewe."

Direkta, mwalimu mkuu wa shule ile, alisimama kutoka benchi la nyuma. Kumbe mgonjwa wa jana ndiye huyo. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi sikuweza, nilikuwa namwangalia yule mwenye bunduki. Lukali aligeuka akawatazama watu. Mwisho akacheka, akampa direkta mkono. Angekataa, angelazimika kueleza mbele ya watu wote mabati yalitoka wapi.

Jumatano, 14 Novemba

Mabati yamevuka mto. Hakuna aliyekuja kutudhuru. Bado nasikiliza kila gari linalopita.

Nguo nimezirudisha sandukuni. Mume wangu aliona nilivyozifunga.

Kwa watoto wale nimefurahi. Kwake nimeumia. Nimemuuliza kwa nini alinificha. Akajibu: "Mama Neema, ungejua, Lukali angeona ku uso yako. Uso yako haijui kudanganya."

Labda ni sifa. Imeniuma kama tusi. Mpango wake aliujua direkta, na mimi mke wake nikapewa chumvi.

Jumapili, 18 Novemba

Mvua wakati wa ibada. Paa letu la majani limeshindwa, tukabanana wote upande mkavu. Lukali alikuja bila mlinzi. Nafasi hakupata, akasimama panapovuja, maji yanamtiririka shingoni. Nikasogea kidogo. Akakaa pembeni yangu. Sijui anataka nini. Nilikuwa namwangalia mpaka amina ya mwisho.

Nyumbani nimemuuliza mume wangu kama ana siri nyingine. Amesema hana. Sikumwamini. Nimepakua, tukala sahani moja mpaka mvua ikaisha.